Kodi Mnampa Nani?

Mtu anayetaka kununua nyumba ya wapangaji Mbeya au Iringa kwa kawaida humtafuta dalali kwanza, kisha mwenye nyumba, kisha mwenyekiti wa mtaa. Mimi nasema aanze na wapangaji. Awasalimie, akae nao kibarazani, awaulize: kodi mnampa nani? Nimefundisha sekondari Iringa mpaka nikastaafu, na sehemu kubwa ya mafao yangu nimeiweka kwenye nyumba ya vyumba vya kupangisha Ilomba, jijini Mbeya. Kabla ya kuipata niliangalia nyingine kadhaa katika miji yote miwili. Karibu kila kikwazo cha kisheria nilichokutana nacho, wapangaji walikuwa wameshakijua kabla hakijaandikwa kwenye jalada lolote.

Chukua nyumba moja ya Isanga. Ilikuwa na umbo la herufi L, vyumba vinane, choo cha uani, bomba moja na mparachichi katikati ya ua. Aliyeiuza alikuwa kijana mstaarabu, ana karatasi ya mauziano ya marehemu baba yake yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Bei yake ilikuwa nzuri. Mama mmoja aliyekuwa akikaanga maandazi pale uani alinawa mikono, akaingia ndani, akanitolea daftari lake la kodi. Kurasa za mwanzo zote zilisainiwa na mzee. Baada ya hapo saini zikawa tatu zinazopokezana: ya kijana huyo, ya dada yake anayeishi Tukuyu, na ya mke mdogo wa marehemu. "Mwalimu," akaniambia, "sisi tunampa atakayewahi kuja."

Daftari lile lilinitosha. Mwenye nyumba akifariki, nyumba haiwi ya mtoto wa kwanza wala ya aliyebaki na funguo. Lazima mtu aombe mahakamani kuteuliwa msimamizi wa mirathi, na kwa familia nyingi za kwetu hiyo ni Mahakama ya Mwanzo. Kikao cha ukoo kinapendekeza jina, lakini anayeteua ni mahakama, na bila uteuzi huo hakuna mwenye mamlaka ya kuuza hata tofali. Kama nyumba ina hati, jina la msimamizi linaandikishwa kwanza kwa Msajili wa Hati, ndipo naye amhamishie mnunuzi. Niliomba barua ya usimamizi, kijana akanionyesha muhtasari wa kikao cha ukoo. Nikamshukuru, nikamshauri waende mahakamani wote watatu, nikaondoka.

Suala la mke au mume ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu wengi wanalichukulia kama karatasi ya nyongeza. Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, inamkataza mwanandoa kuuza au kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake, hata kama jina kwenye hati ni la mmoja tu. Wapo madalali watakaokwambia kwamba nyumba ya wapangaji siyo nyumba ya ndoa. Tazama nyumba zetu zilivyo. Baba na mama wanaishi mbele, sebule na vyumba viwili, wapangaji wako uani. Hiyo ni nyumba ya ndoa yenye wapangaji ndani yake. Hata pale familia inapoishi kwingine, mke anaweza kudai kwamba nyumba imejengwa kwa jasho lake pia. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika shauri la Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, ilikubali kwamba kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Kwa hiyo taka saini ya mke mbele ya wakili, na yeye mwenyewe awepo, asiletewe karatasi jikoni. Kama wake ni wawili, taka saini zote mbili. Nimefundisha watoto waliohamishwa shule katikati ya muhula kwa sababu baba aliuza nyumba mama akiwa msibani. Mnunuzi anayepuuza saini hiyo anamsaidia mtu kufanya jambo baya, na kesi ikija itamkuta yeye ndani ya nyumba.

Ukisharidhika na watu, nenda kwenye jalada. Nyumba yenye hati hupekuliwa katika ofisi ya ardhi, kwa malipo yasiyo makubwa, na wenyeji wanaita kufanya sachi. Zamani mtu wa Iringa aliyehitaji huduma ya Msajili alipanda basi hadi ofisi ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini iliyokuwa Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300 kupitia Makambako. Mwaka 2020 zilianzishwa ofisi za ardhi za mikoa, William Lukuvi, mbunge wa Isimani, akiwa waziri, na kazi hiyo sasa inafanyika Iringa hapahapa. Taarifa ya upekuzi inaonyesha jina la mmiliki, rehani ya benki kama ipo, zuio kama limewekwa, na muda wa hati. Huo muda watu wanausahau. Ardhi yote nchini ni ya umma, Rais akiwa mdhamini wake, na sisi tunapewa haki ya kuikalia kwa miaka 33, 66 au 99. Hati ya miaka 33 iliyotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990 inafika ukingoni sasa. Uliza pia deni la kodi ya ardhi, maana litalipwa kabla jina halijabadilishwa.

Nyumba nyingi za vyumba hazina hati kabisa. Ukipanda kuelekea milimani Mbeya, au ukizunguka Mlandege na Makorongoni kule Iringa, utakuta nyumba za miaka mingi ambazo karatasi yake pekee ni ya mauziano. Kununua huko si kosa, lakini ujue unachonunua. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuthibitisha kwamba anamfahamu muuzaji na majirani wa pande nne. Hawezi kukupa miliki. Mimi ningeuliza kama mtaa umeingia kwenye urasimishaji makazi na kama kiwanja kimeshapimwa, kisha ningewaita majirani wote wanne siku ya kuonyeshana mipaka. Ukitoka mjini kabisa, vijiji vya Mbeya na Iringa viko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999. Huko kuna hati za hakimiliki ya kimila, na mauzo yanahitaji idhini ya halmashauri ya kijiji. Mtu wa nje ya kijiji asilipe hata shilingi kabla ya idhini hiyo.

Nikiwa kijana, nyumba ya kupangisha ilitajwa kwa sauti ya chini. Azimio la Arusha la 1967 lilimkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 Serikali ikatwaa majengo yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000 ambayo wenyewe walikuwa wakiyapangisha, na ndiyo sababu majengo mengi ya zamani katikati ya miji yetu yako mikononi mwa Shirika la Nyumba. Nadhani kumbukumbu hiyo imewafanya wazee wetu wengi wajenge kimyakimya, chumba kwa chumba, bila kibali na bila kuandika. Leo watoto wao wanauza, na mnunuzi anarithi ukimya huo.

Kihesa, Iringa, nilioneshwa nyumba ambayo hati yake ilikuwa safi kabisa: mke amekubali, benki haidai, miaka ya hati imebaki mingi. Wapangaji wake walikuwa wanafunzi wa vyuo. Tangu Mkwawa kuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2005, na vyuo vingine vikiwa vinakua mjini, geto karibu na chuo halikai wazi. Mwenye nyumba alikuwa ameongeza safu ya vyumba sita uani. Nikaomba mchoro uliopitishwa na manispaa. Mchoro ulionyesha nyumba moja ya familia, banda la kuku, basi. Vile vyumba sita havikuwepo. Ukuta wao wa nyuma ulikuwa ndio ukuta wa jirani, na shimo la maji taka lilikuwa limefunikwa kwa zege, juu yake wanafunzi wameanika nguo.

Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri baada ya watu wa mipangomiji, uhandisi na afya kupitia michoro. Jengo lililoongezwa bila kibali linaweza kuletewa notisi ya kubomolewa, na notisi haitamtafuta aliyejenga bali anayemiliki siku hiyo. Masharti ya hati nayo yana neno lake: yanataja kundi la matumizi yaliyoruhusiwa kwenye kiwanja. Kugeuza nyumba ya familia kuwa hosteli au nyumba ya wageni ni kubadili matumizi, na mabadiliko hayo yanaombwa chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007. Muuzaji yule alikuwa ameweka vyumba sita kwenye bei kwa hesabu ya kodi yake ya mwaka. Nilimwambia kwa heshima, "Mzee wangu, vyumba hivi sheria haivioni, na mimi siwezi kuvilipia." Hakukubali kushuka, tukaagana vizuri.

Kisha toka nje ya geti, utazame barabara na mlima. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu hadi mita 30 kila upande kutoka katikati, kutoka mita 22.5 za awali. Mbeya imejipanga kando ya barabara ya Tunduma, na sasa inapanuliwa kuwa njia nne kutoka Nsalaga hadi Ifisi. Angalia ukutani kama kuna alama ya X, hata iliyopakwa chokaa juu yake. X nyekundu ni ya jengo lililoingia hifadhini bila haki ya fidia, ya kijani ni ya anayestahili kulipwa. Kuhusu mlima sina haja ya kusema mengi kwa msomaji wa Mbeya. Aprili 2024 tope la Mlima Kawetere lilifukia nyumba za watu Itezi. Kingo za mito na vyanzo vya maji zina mita 60 za hifadhi kwa Sheria ya Mazingira ya 2004, na sharti hilo linagusa hata nyumba za bondeni kando ya Ruaha Mdogo, Ipogolo.

Fedha za uhamisho zinawashtua wengi, kwa sababu dalali hazitaji. Mthamini anakagua nyumba, ripoti yake inaidhinishwa na Mthamini Mkuu wa Serikali, ndipo kodi zinakokotolewa. Ushuru wa stempu ni asilimia 1. Kodi ya ongezeko la mtaji ni ya muuzaji, asilimia 10 ya faida kwa mkaazi; tangu Sheria ya Fedha ya 2023, asiye na kumbukumbu za gharama zake hulipa asilimia 3 ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, ile iliyo kubwa. Wazee waliojenga kwa miaka ishirini hawana risiti hata ya msumari, kwa hiyo wengi wanaangukia hapo. Kuna mazoea ya kumwambia mnunuzi, "Mimi nataka changu mkononi, ya Serikali utajua mwenyewe." Kubaliana mapema nani analipa nini, na liandikwe. Kuna mazoea mabaya zaidi ya kuandika bei ndogo kwenye mkataba na nyingine kulipana kwa siri. Mauzo yakivunjika mahakamani utarudishiwa kilichoandikwa, na kilichobaki hutakuwa na kinywa cha kukidai. Wakili ataandaa mkataba na fomu Na. 29, 30 na 35 zinazokwenda kwa Kamishna wa Ardhi na Msajili. Andaa kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi na picha za paspoti, na usimalizie malipo kabla ya idhini ya uhamisho kutoka.

Nyumba ya Ilomba ilipita katika yote hayo. Mume na mke walikuja kwa wakili pamoja, hati haikuwa na deni, na vyumba vya uani vilikuwa kwenye mchoro. Walibaki wapangaji wenyewe. Kwa Sheria ya Ardhi, upangaji wa mwaka mmoja au pungufu unatambulika hata ukiwa wa mdomo, na kuuzwa kwa nyumba hakuufuti. Wawili walikuwa wamelipa hadi mwisho wa mwaka, kodi ambayo ilikuwa mfukoni mwa muuzaji. Tulikaa na kila mpangaji, tukaandika jina, chumba, kiasi na mwezi anaoishia, na fedha za miezi iliyobaki tukazitoa kwenye bei. Muuzaji nami tukasaini barua moja ya kuwaeleza kuanzia tarehe gani kodi itakuja kwangu, kila mmoja akapewa nakala.

Halafu umeme. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kwenye LUKU, na kuanzia 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 7,500 kwa kila sakafu ya ghorofa mijini. Kodi ni ya jengo na anayedaiwa ni mwenye jengo, ila anayenunua umeme ni mpangaji. Nyumba yangu ina mita tatu, kwa hiyo nilipeleka namba zake zote ofisi ya mapato ili kodi ibaki kwenye moja, ile ya upande wa mbele. Mpangaji wa upande huo ana watoto watatu na mashine ya kusaga karanga. Kiasi anachokatwa nakiondoa kwenye kodi yake ya pango, na tumekiandika kwenye mkataba wake mpya.