Kabla ya Kulipia Betri ya Drili Mtandaoni, Piga Hesabu Hizi

Drili ya betri imewafikia mafundi wetu kwa kasi. Aliye juu ya paa hahitaji tena kuburuta waya, na anayefunga milango kwenye nyumba ambayo umeme haujaingia hahitaji kukodi jenereta. Grainda na msumeno vinafuata njia hiyo hiyo. Ila urahisi huu una gharama yake: betri mbili na chaja mara nyingi zina bei kubwa kuliko mashine yenyewe, na betri ndiyo inayochakaa kwanza. Kwa hiyo fundi hurudi sokoni kutafuta nyingine, na siku hizi huanza kuitafuta kwenye simu.

Hapo ndipo waghushi wanapomsubiri. Ganda la plastiki huigizwa kwa urahisi na nembo huchapwa kwa urahisi zaidi. Anayenunua mtandaoni huonyeshwa ganda na nembo tu, ilhali pesa yake yote inalipia seli na bodi ya kielektroniki zilizofungwa ndani. Ushauri wa kutazama nembo iliyopinda au maandishi yenye makosa umepitwa na wakati, kwa kuwa feki nyingi za sasa zimechapwa vizuri. Ninachotaka kila fundi akijue ni hesabu ya kilichomo ndani. Hesabu hiyo ni ya darasa la sita, na inakamata matangazo mengi ya uongo kabla hujatoa hata senti.

Kilichomo ndani ya ganda

Betri ya volti 18, iwe ya Makita, Bosch au Milwaukee, ni mkusanyiko wa seli ndogo za lithiamu zenye umbo la mche duara. Seli iliyozoeleka huitwa 18650, kwa sababu ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Iliyo kubwa zaidi ni 21700, yenye milimita 21 kwa 70. Seli moja hutoa wastani wa volti 3.6, na ikijaa kabisa hufika volti 4.2. Unganisha tano mfululizo, upate volti 18. Zikijaa, volti 21. Hata betri ya DeWalt iliyoandikwa 20V Max ina seli tano za mfululizo, ila imehesabiwa kwa volti zake ikiwa imetoka tu kwenye chaja.

Volti hazikuambii betri itadumu kazini kwa muda gani. Hilo linaelezwa na ampea-saa, ile Ah iliyoandikwa ubavuni. Seli ya 18650 iliyotengenezwa kwa ajili ya mashine za kazi huwa na Ah 1.5 hadi 3.0. Betri nyembamba yenye safu moja ya seli tano haiwezi kuzidi uwezo wa seli moja, na ndiyo maana nyingi huandikwa 1.5 au 2.0. Betri nene yenye safu mbili, yaani seli kumi, huongeza uwezo mara mbili: seli za Ah 2.5 hutoa betri ya Ah 5.0, na za Ah 3.0 hutoa Ah 6.0.

Sasa fungua tangazo lolote. Katika familia ya Makita LXT ya volti 18, betri kubwa inayojulikana ni BL1860B, ya Ah 6.0, nayo ina seli kumi. Ukiona betri yenye umbo lile lile imeandikwa BL1890 na Ah 9.0, jiulize seli gani zimeingia humo. Hata seli za 18650 zenye uwezo mkubwa zilizozoeleka huishia karibu na Ah 3.5, na kumi kati yake, safu mbili, hutoa Ah 7 tu. Milwaukee walipotengeneza betri ya Ah 9.0 kwa seli za ukubwa huu walilazimika kuweka seli 15, na unene wake unaonekana kwa macho. Basi namba isiyoweza kuingia kwenye ganda ni uongo, hata kama picha ni nzuri na wanunuzi mia wameisifu.

Zitazame vivyo hivyo mashine za bei ya chini zinazoandikwa 88V au 188VF. Volti 88 zingehitaji mfululizo wa seli 21 hata zikiwa zimejaa, na betri inayouzwa na mashine hizo haina nafasi hiyo. Pima kwa mita ya kupimia volti, mara nyingi utakuta volti 21 au chini yake.

Kwa nini feki hupata moto

Hasara ya pesa ni sehemu ndogo ya tatizo. Grainda ikivuta wati 540 kutoka kwenye volti 18, ni ampea 30. Kwenye betri ya seli kumi kila safu inabeba ampea 15. Seli halali za mashine za kazi zimeundwa kuvumilia ampea 20 na zaidi bila kuchemka kupita kiasi. Betri feki nyingi hujazwa seli dhaifu, nyingine zikiwa zimetolewa kwenye kompyuta mpakato za zamani na kuvishwa plastiki mpya. Seli ya aina hiyo iliundwa kutoa ampea chache kwa utulivu. Ukiilazimisha kukata nondo, inachemka.

Ndani ya seli, utando mwembamba wa plastiki hutenganisha ncha chanya na hasi. Joto likikaribia nyuzi 130 za Selsiasi, utando huo huanza kuyeyuka, ncha zinagusana, na kimiminika kilichomo ambacho ni rahisi kuwaka kinashika moto. Seli moja huwasha ya jirani yake. Moto wa aina hii huzaliwa ndani ya betri yenyewe, na unaweza kurudi baada ya kuonekana umezimika.

Betri halisi ina kinga. Bodi yake hufuatilia joto na volti, na huzungumza na chaja. Chaja ya Makita DC18RC husukuma hadi ampea 9, na hufanya hivyo kwa kuamini taarifa inayopewa na betri. Katika feki, kipima joto kinaweza kuwa hakipo, au kimebadilishwa na kipande kinachoiambia chaja wakati wote kwamba mambo ni shwari. Kwa hiyo kuwa na chaja halisi hakukulindi, kwa kuwa chaja nzuri iliyodanganywa itaendelea kusukuma umeme kwa nguvu zake zote.

Feki, mbadala na iliyofufuliwa

Tusizichanganye bidhaa tatu tofauti. Feki hubeba nembo ya kampuni ambayo haikuitengeneza, na huo ni wizi wa jina. Mbadala huuzwa kwa jina la mtengenezaji wake, ikieleza kwamba inaingia kwenye mashine ya Makita au Bosch. Hiyo ni biashara halali, ingawa ubora wake hutofautiana sana na huenda ukapoteza dhamana ya mashine yako. Ukiamua kununua mbadala, chagua inayotaja mtengenezaji wa seli zake, yenye Ah inayoingia akilini, na muuzaji mwenye anwani.

Ya tatu ni betri ya zamani iliyowekwa seli mpya na fundi wa mtaani. Wapo mafundi wanaoifanya kazi hii kwa ustadi, lakini mwulize seli amezipata wapi. Januari 2021, Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani iliwaonya wananchi wasinunue seli za 18650 zinazouzwa mojamoja, kwa kuwa zimekusudiwa kufungwa kiwandani pamoja na kinga zake. Mtandaoni kumejaa seli hizo zilizoandikwa 9,900 mAh, yaani Ah 9.9. Umeshaijua hesabu, hivyo unajua kwamba seli hiyo haipo.

Mjue anayekuuzia

Jukwaa la mtandaoni ni soko, na anayekuuzia ni mwenye meza. Jumia Kenya, Amazon na AliExpress zote zina wauzaji wa nje wanaotumia jina la jukwaa kupata imani yako. Tanzania, ambako Jumia ilifunga shughuli zake mwaka 2019, sehemu kubwa ya biashara hii hupita Instagram, WhatsApp na Jiji, ambako mara nyingi hata jina kamili la muuzaji halionekani. Anza na tovuti ya kampuni yenyewe, tafuta orodha ya mawakala wa nchi yako, kisha ulinganishe na jina la aliyeweka tangazo. Wakala akikutajia bei, itumie kama kipimo. Betri inayoitwa mpya na halisi ikiuzwa kwa theluthi ya bei hiyo, hakuna punguzo linaloweza kuieleza, maana seli nzuri peke yake zina gharama yake kiwandani.

Maoni ya wanunuzi yasome kwa makini. Mengi huandikwa siku betri inapofika, kabla haijafanya kazi ya mwezi mmoja. Mengine yalihusu bidhaa tofauti iliyokuwa kwenye tangazo lile lile. Tafuta anayesimulia miezi, na aliyeweka picha yake mwenyewe.

Kisha mwombe muuzaji picha ya upande wa chini wa betri ile ile atakayokutumia, ikionyesha lebo na namba ya utambulisho, pamoja na karatasi yenye tarehe ya leo pembeni yake. Muulize kuhusu risiti na dhamana kwa maandishi, uyahifadhi mazungumzo. Mwenye mzigo halisi hapotezi chochote kwa kukujibu. Anayekuambia "zote ni OG, wewe tuma hela tu" ameshakujibu.

Ukiweza, lipa baada ya kupokea na kukagua. Ukiagiza kutoka nje, kumbuka kwamba tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake haziruhusiwi kama mizigo kwenye ndege za abiria, na kwenye ndege za mizigo kanuni imezitaka zisizidi asilimia 30 ya chaji. Betri ikikufikia kwa ndege kwenye kifurushi kisicho na lebo ya tahadhari, taa zake zote nne za kuonyesha chaji zikiwaka, aliyeituma amewahatarisha wengine kabla yako.

Ikishafika mkononi

Usiichomeke kwanza. Iweke kwenye mizani ya jikoni. Seli moja ya 18650 ina uzito wa takribani gramu 45 hadi 48, kwa hiyo seli kumi peke yake zinapita gramu 450, kabla ya ganda na bodi. Betri iliyoandikwa Ah 5.0 ikisoma gramu 400, seli kumi hazimo. Uzito pungufu ni ushahidi wa kutosha kuirudisha, lakini uzito kamili hauthibitishi kitu, kwa kuwa hata chuma au seli mbovu zina uzito.

Ilinganishe na betri yako ya zamani kwa vidole: skrubu, kitufe cha kufungulia, inavyoteleza kwenye mashine. Kisha ichaji mchana, kwenye sakafu ya saruji, ukiwa karibu, na uangalie saa. Zidisha ampea za chaja kwa muda uliohesabiwa kwa saa. Chaja ya ampea 9 haiwezi kutia zaidi ya Ah 3 kwa dakika 20. Kama betri ilikuwa imeisha kabisa, imeandikwa Ah 5.0, na chaja inasema imejaa baada ya dakika 20, basi uwezo ulioandikwa haumo. Ikichemka kiasi cha kushindwa kuishika, ikavimba au ikatoa harufu ya kemikali, itoe nje mbali na vitu vinavyowaka, na usiitumie tena. Ikishika moto, ondoa watu, ita zimamoto, na kama ni salama kuukaribia tumia maji mengi ili kupunguza joto.

Kaboni na diski

Waghushi hawaishii kwenye betri. Kaboni za mota ni spea ndogo ya bei ndogo, lakini aina kadhaa za Bosch na Makita zina kifaa kinachozima mashine kaboni inapokwisha. Nakala nyingi hazina kifaa hicho, na kaboni iliyokwisha huchimba shaba ya mota. Umeokoa shilingi chache, umeua mota.

Diski ya kukatia nayo inahusu jicho na uso wako. Diski ya milimita 125 iliyotengenezwa kwa mwendo wa mita 80 kwa sekunde huandikwa mizunguko isiyozidi takribani 12,200 kwa dakika, na namba hiyo isipungue kasi ya grainda yako. Pete ya chuma katikati hubeba tarehe ya mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka mitatu baada ya kutengenezwa. Diski isiyo na kasi wala tarehe usiifunge kwenye mashine.

Ukishabaini umeuziwa feki

Acha kuitumia, tunza risiti, picha, mazungumzo na kifungashio, kisha udai pesa zako kwa muuzaji na kwa jukwaa. Tanzania, peleka taarifa Tume ya Ushindani, FCC, inayosimamia Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963. Kenya, Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Ghushi inafanya kazi chini ya sheria ya mwaka 2008. Usiiuze kwa fundi mwenzako ili kupunguza hasara, maana utakuwa umemhamishia moto. Wala usiitupe jalalani au kuichoma. Funika ncha zake za umeme kwa utepe wa gundi, uipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.

Kwa fundi mwenye bajeti ndogo ushauri wangu ni mmoja. Nunua betri moja halisi ya Ah 3.0 kutoka kwa wakala, badala ya tatu zilizoandikwa 9.0 kutoka kwa mtu asiyejulikana. Ile moja itakufanyia kazi, itachajiwa mamia ya mara, na italala salama ndani ya nyumba ambamo wanao wamelala.