Kwa Nini Uhuru Ilishuka

Haya, wanangu, sogeeni. Leo anayesimulia ni setilaiti. Jina lake Uhuru. Msikilizeni.

"Nilirushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Siku hiyo Kenya ilisherehekea uhuru wake, nami nikapewa jina hilo. Nilipanda zaidi ya kilomita 500, nikaanza kutafuta nyota zinazotoa eksirei. Nikazunguka dunia, nikazunguka. Na kila nilipozunguka, hewa ilinigusa."

"Mjomba, huko juu kuna hewa?"

Swali zuri hilo! Ipo, mwanangu, ila ni nyembamba mno. Lakini Uhuru ilikwenda zaidi ya kilomita 7 kila sekunde. Kwa mwendo huo, hata hewa nyembamba inakukinza.

"Ikanikinza kidogo, nikashuka kidogo. Huko chini nikakuta hewa nzito zaidi. Ikanikinza zaidi, nikashuka zaidi."

"Basi ilikuwa ikipunguza mwendo?"

Hapana, na hapo ndipo penye ajabu! Kasi iliyoipata kwa kushuka ilizidi ile iliyonyang'anywa na hewa. Kadiri ilivyoshuka, ndivyo ilivyokimbia.

"Na jua je, mjomba, linahusika?"

Hongera kwa kuuliza! Mmeyaona maziwa sufuriani? Moto ukizidi, yanafura hadi ukingoni. Hewa ya juu nayo ni hivyo. Kila baada ya miaka 11 hivi jua huchachamaa. Hewa hupata joto, hufura, hupanda hadi kwenye njia ya setilaiti.

"Mwaka 1979 jua lilichachamaa. Kazi yangu ilikuwa imekwisha tangu 1973. Aprili 1979 nikaingia kwenye hewa nzito, nikaungua."

"Mbona Kituo cha Kimataifa cha Anga hakianguki?"

Nacho hushuka, mwanangu. Kiko kilomita 400 hivi, na hewa inakigusa kila siku. Ila kila kikishuka, injini hukisukuma juu tena.

"Kwa hiyo hewa ni adui?"

La, wanangu. Setilaiti ikishakufa, hewa ndiyo inayoiondoa njiani. Zilizo juu sana, kilomita 1,000 na zaidi, hewa haiziwezi. Zinaweza kubaki huko mamia ya miaka, zikizibia njia nyingine. Ndiyo maana wahandisi hupiga hesabu ya kushuka kwa setilaiti kabla hata haijapaa.