Ukiokota mbwa mwoga, mtafutie nyumba inayomfaa

Msimu wa mvua nilimkuta mbwa chini ya meza ya mama muuza viazi karai, mtaani kwetu Kisauni. Alikuwa mdogo, hafiki hata goti, mbavu zahesabika, mkia ameufyata mpaka tumboni. Watoto walikuwa wametoka kumrushia mawe. Jirani yangu aliponiona nimembeba kwenye gunia alicheka: "Ustadhi, wewe na mbwa wapi na wapi?"

Swali lake lina haki yake. Sisi Waislamu wa Pwani wengi wetu tunafuata madhehebu ya Imam Shafi, na kwetu mate ya mbwa ni najisi. Chombo alichokilamba huoshwa mara 7, mara moja kwa udongo. Lakini hilo halimpi mtu ruhusa ya kumpiga. Bukhari na Muslim wote wamepokea hadithi ya yule mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kwa hivyo nilimweka uani, kwenye boksi, nikaanza kumtafutia mtu wa kumchukua.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa hilo ndilo linalonifanya niandike leo. Wa kwanza kusema "nileteeni" nilimpa. Alikuwa na yadi ya mbao, akitaka mlinzi wa usiku. Mbwa alifungwa kamba getini, malori yakipita, misumeno ikilia. Siku ya tatu alichomoa kichwa kwenye mkanda wa shingo akatoroka. Tukampata baada ya siku mbili, chini ya meza ile ile ya viazi.

Mbwa mwoga haifai kazi ya ulinzi. Akisikia kishindo hujificha, na akikosa pa kujificha huuma. Watu wengi hawazioni dalili zake kwa sababu mara nyingi habweki: hujilamba midomo bila chakula, hupiga miayo bila usingizi, hulaza masikio, huganda kama jiwe. Mtu husema "ametulia", kumbe ameshikwa na hofu. Ndiyo maana nyumba yenye watoto wadogo haimfai, hata wakiwa watoto wema. Mbwa mdogo hubebeka, na mtoto akiona kitu kinachobebeka atakibeba. Akimkumbatia kwa nguvu akaumwa usoni, mtoto ataumia na mbwa atauawa.

Basi badala ya kuuliza nani anamtaka, uliza nyumba ilivyo. Geti hufungwa, au wapangaji hupita wakaliacha wazi? Bodaboda huegesha mlangoni? Kuna mtu anayeshinda nyumbani? Kuna mbwa mwingine, mtu mzima na mpole? Hili la mwisho lina uzito kuliko wengi wanavyodhani. Mbwa mwoga humtazama mwenzake. Akimwona anakula mbele ya binadamu bila wasiwasi, naye hujaribu.

Kabla ya kumkabidhi, mpeleke kwa daktari wa mifugo achanjwe kichaa cha mbwa. Chanjo huanza akiwa na miezi 3, na hurudiwa. Karibu binadamu wote wanaopata ugonjwa huo wameambukizwa na mbwa, na dalili zikishatokea ni nadra mno mtu kupona. Usimpe mtu mbwa bila cheti.

Nyumba tuliipata Mtwapa, kwa nesi mstaafu mwenye mbwa jike mzee. Mama huyu alikuja kwetu mara tatu. Kila mara aliketi chini uani, akampa mbwa mgongo, akatupa vipande vya nyama nyuma yake, akaondoka bila kumgusa. Hapo nikajua. Wale waliokuja kabla yake wote walitaka kumpapasa kichwa dakika ya kwanza, na mbwa huyu mkono unaoteremka kutoka juu anaujua kwa fimbo.

Tulikubaliana kwamba wiki za mwanzo atakaa chumba kimoja, hakuna wageni, haogeshwi, na hata uani hatoki bila kamba, kwani mbwa mgeni akitoroka huwa bado hajui pa kurudi. Wenye uzoefu huhesabu siku 3 za kushtuka, wiki 3 za kuzoea mambo ya nyumba, na miezi 3 ya kujiona yuko kwake. Ni makadirio tu. Wengine huchukua zaidi. Na likimshinda, atamrudisha kwangu, si kumwacha barabarani.

Siku ya 19 aliniletea ujumbe: "Kaka, leo amekula nikiwa chumbani. Mkia bado uko chini, lakini si tumboni."

Nilimsomea jirani. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza nauli ya Mtwapa siku hizi ni ngapi.