Akiba Haiozi, Lakini Matunda Huoza

Wahenga walisema kwamba akiba haiozi. Yamkini walikuwa wakifikiria wimbi na mtama uliokaushwa vizuri ghalani, kwani mwenye miembe anajua mambo mengine. Msimu wa maembe ufikapo katika nchi ya Teso na Lango, watoto hula mpaka wakachoka, mbuzi nao hula, na bado maembe mengi huoza chini ya miti. Mapera nayo ni vivyo hivyo: kwa majuma machache yako kila mahali, kisha hayapo tena. Ndipo mtu huenda dukani kununua chupa ya jamu iliyotoka mbali, akalipa fedha kwa kitu kilichooza bure mlangoni pake.

Nataka kueleza hapa jinsi jamu inavyopikwa nyumbani kwa sufuria na moto wa kawaida. Lakini zaidi ya hayo, nataka kueleza kwa nini jamu haiozi. Ajuaye jinsi tu ataweza kufuata maagizo. Ajuaye sababu atafahamu pia ni wapi maagizo hayo hayafai kabisa, na katika jambo hili kutofahamu huweza kumwua mtu.

Kwa nini chakula huoza

Tunda haliozi lenyewe. Linaozeshwa na viumbe vidogo visivyoonekana kwa macho, yaani hamira, kuvu na bakteria. Vimo katika udongo, hewani, juu ya maganda na mikononi mwetu. Mfaransa mmoja, Nicolas Appert, aliyekuwa mpishi na mtengenezaji wa vitu vitamu, aligundua kwamba chakula kilichotiwa chupani, kikazibwa na kuchemshwa, hukaa muda mrefu. Mwaka 1810 serikali yake ilimpa zawadi ya faranga 12,000 kwa sharti kwamba aitangaze kazi yake kwa watu wote. Hata hivyo Appert hakujua sababu. Miaka kama 50 ilipita kabla Louis Pasteur hajaonyesha kwamba vijidudu ndivyo vinavyochachua na kuozesha.

Vijidudu hivi huhitaji maji kama sisi. Kwa hiyo njia nyingi za kuhifadhi chakula ni namna ya kuvinyima maji au kuvitesa kwa kitu visichokiweza. Watu wa Teso hukata viazi vitamu vipande vyembamba na kuvianika juani, wakapata amukeke, nayo hukaa miezi mingi. Wavuvi hukausha samaki kwa jua au moshi. Watu wa pwani hutia maembe mabichi na ndimu katika chumvi, wakapata achari. Hawa wote, kila mmoja kwa njia yake, wanapigana na adui yule yule.

Sukari nayo hufanya kazi kama chumvi. Kabichi iliyokatwa na kunyunyiziwa chumvi hutoa maji. Vivyo hivyo kijidudu kilichozungukwa na sukari nyingi hunyang'anywa maji yake, kikashindwa kukua. Lakini sukari lazima iwe nyingi kweli, yaani kiasi cha sehemu 60 hadi 65 katika kila sehemu 100 za jamu. Apunguzaye sukari ili kubana matumizi atapata kitu kitamu kitakachoota ukungu baada ya siku chache.

Jamu ya mapera

Jamu huhitaji vitu vinne: tunda, sukari, asidi na pektini. Pektini ni kitu kilichomo ndani ya matunda, nacho ndicho kinachoigandisha jamu. Mapera yana pektini nyingi, hasa yale yasiyoiva sana. Nanasi lina kidogo. Kwa sababu hiyo anayejifunza na aanze na mapera.

Chukua kilo 2 za mapera, mengi yawe yameiva na machache yawe bado magumu. Yaoshe, kata sehemu zilizooza, kisha yakate vipande vidogo. Yatie katika sufuria pamoja na maji ya kuyafunika tu, uchemshe kwa nusu saa mpaka yalainike. Yapondeponde kwa mwiko na kuyapitisha katika chujio ili mbegu zibaki. Pima uzito wa rojo uliyoipata, kisha tia sukari ya uzito ule ule, pamoja na maji ya ndimu 2 au 3. Ndimu si kwa ladha tu. Asidi yake huisaidia pektini kuganda, nayo huzuia bakteria.

Koroga juu ya moto mdogo mpaka sukari iyeyuke yote, ndipo uongeze moto ichemke kwa nguvu. Usiache kukoroga, kwani sukari huungua upesi, na jihadhari isikurukie, maana jamu huunguza kuliko maji. Baada ya muda, dondosha tone moja juu ya sahani baridi, ungoje kidogo, kisha ulisukume kwa kidole. Likikunjamana juu, jamu imeiva. Likitiririka kama maji, endelea.

Mwenye kipimajoto na aangalie jambo moja. Vitabu vingi husema jamu huiva katika nyuzi 104 au 105 za sentigredi. Ni kweli kwa mtu wa Mombasa, ambako maji huchemka kwa nyuzi 100. Lakini Kampala iko kiasi cha mita 1,200 juu ya bahari, na huko maji huchemka karibu na nyuzi 96, kwani hewa ni nyepesi zaidi. Basi sisi tulio juu tupime kwanza maji yetu yanapochemka, kisha tuongeze nyuzi 4 au 5. Anayengoja 105 mahali kama Kampala ataipikisha jamu kupita kiasi, mpaka iwe ngumu kama peremende.

Chupa ziwe za kioo, zenye vifuniko vizima. Zichemshe katika maji kwa dakika 15, uzijaze jamu ikali moto, ufunike mara moja. Kisha zitie tena katika maji yanayochemka kwa dakika 10, maji yakizifunika kabisa. Kilo moja ya sukari hutoa jamu yenye uzito wa kilo moja na nusu au zaidi kidogo.

Mahali pa hatari

Sasa mtu mwerevu aliyefaulu kwa mapera aweza kusema: "Basi nitatia maharagwe yaliyopikwa chupani, au nyama, nichemshe vile vile, niweke akiba ya mwezi mzima." Hasha! Asifanye hivyo kamwe.

Katika udongo kuna bakteria mmoja aitwaye Clostridium botulinum. Mbegu zake hazifi katika maji yanayochemka, hata kwa saa kadhaa. Hupenda mahali pasipo na hewa, kama ndani ya chupa iliyozibwa, na humo hutoa sumu kali mno. Chakula chenye sumu hiyo chaweza kuonekana kizuri na kunukia vizuri. Aliyekila huona vitu viwili viwili, ulimi huwa mzito, hushindwa kumeza, na mwisho misuli ya kupumulia hulegea. Mtu mwenye dalili hizo apelekwe hospitali papo hapo.

Mapera yenye ndimu na sukari ni salama kwa sababu bakteria huyu hawezi kukua penye asidi ya kutosha, na sukari humnyima maji. Maharagwe, nyama, mahindi na mboga havina asidi hiyo. Viwanda huvipika katika mitambo ya mvuke wenye kani, kwa joto la nyuzi 121 hivi, ambalo sufuria ya kawaida haliwezi kulifikia. Hata paipai lililoiva lina asidi kidogo sana, ingawa ni tunda. Ndiyo maana jamu yake hutiwa maji ya ndimu, na asiye na ndimu asiipike kwa ajili ya kuiweka.

Watu wengine huhifadhi matunda katika pombe kali. Wajerumani huyatia matunda ndani ya ramu pamoja na sukari, wakayala wakati wa Krismasi. Pombe kali kweli huua vijidudu, lakini hapa kwetu lazima niseme neno. Pombe isiyojulikana ilikotoka huweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua, wala mnywaji haitambui kwa ladha. Mwaka 2010 watu wengi katika wilaya ya Kabale walikufa kwa waragi yenye methanoli. Hakuna sababu ya kuhatarisha macho kwa ajili ya matunda, nasi tunayo sukari na ndimu.

Mapera yatakapoiva tena, nanyi mmerudi nyumbani kwa likizo, jaribuni kwanza kilo 2 tu. Andikeni tarehe juu ya kila chupa. Mkiona ukungu, au kifuniko kimevimba, tupeni yote wala msionje. Na mama au dada akiwauliza kwa nini maharagwe hayawekwi vile vile, sababu mnaijua, mwelezeni.