Kahawa Yetu Tuijue kwa Ulimi Wetu

Hakuna mtu wa Unguja wala wa Pemba anayehitaji kufundishwa kunywa kahawa. Baada ya sala ya alasiri, na tena baada ya isha, dele huwa limekwishawekwa juu ya makaa, vikombe vimesuuzwa, na wazee wamekwishashika nafasi zao barazani. Habari za bei ya samaki na za siasa husemwa hapo kabla hazijachapwa gazetini, jambo ambalo sisi waandishi hatulionei haya. Lakini muulize yeyote kati ya wanywaji hao buni hiyo imetoka wapi. Atajibu, "Ya bara." Bara ipi? Bukoba, Moshi, Mbinga au Mbozi? Hapo mazungumzo yatahamia kwenye mpira.

Mkulima wa Pemba hadanganyiki juu ya karafuu. Ataishika mkononi, ataivunja, atainusa, na atakwambia kama ilianikwa juani ikakauka au ilirundikwa mbichi ikavunda, na kama imechanganywa na makonyo. Ujuzi huo ndio unaompa sauti mbele ya mnunuzi. Kwa kahawa mambo ni kinyume kabisa. Zaidi ya sehemu tisa katika kumi za kahawa inayovunwa nchini huuzwa nje, na aghalabu huuzwa ikiwa buni mbichi. Kabla ya kufika mnadani, sampuli yake hukaangwa, hutiwa maji ya moto na kuonjwa na watu waliofunzwa kazi hiyo, na bei hufuata ulimi wao. Wakulima wengi waliopalilia na kuchuma hawajapata kuonja hata kikombe kimoja cha buni ya shamba lao. Nyumbani mwao hunywewa chai. Wakiambiwa kwamba kahawa yao ni ya daraja la chini, hawana la kujibu.

Hasara ya jambo hili ilionekana wazi mwaka 1989. Tangu mwaka 1962 palikuwa na Mkataba wa Kimataifa wa Kahawa, ambao kwa vipindi virefu uligawia kila nchi kiasi cha kuuza ili bei isianguke. Mwezi Julai 1989 utaratibu huo wa mgao ulivunjika, na bei katika soko la dunia ikaporomoka. Ethiopia, ambayo watu wake wenyewe hunywa karibu nusu ya kahawa wanayovuna, ilikuwa na mahali pa kuegemea. Sisi tulikuwa hatuna. Kwa hiyo tunapoandika juu ya kikombe cha nyumbani tunaandika pia juu ya mfuko wa mkulima, na tunawaomba wenye mamlaka wasiupuuze ukurasa huu kwa kudhani ni wa mapishi.

Kinywaji chenyewe si kigeni kwetu. Maneno kahawa, buni na finjani yote yamekuja kwa ndimi za Waarabu, pamoja na desturi yake. Mti wa arabika asili yake ni milima ya Ethiopia. Lakini ni Yemen, katika karne ya 15, ndiko masufi walikoinywa ili wakeshe usiku katika dhikiri, na ni kutoka bandari ya Mokha ndiko ilikosafirishwa kwenda mbali. Mwaka 1511 liwali wa Makka, Khair Beg, aliipiga marufuku akidai inawalevya watu na kuwakusanya kwenye maneno yasiyofaa. Haukupita muda mrefu, amri yake ikatanguliwa na Sultani aliyekuwa Cairo. Watawala wanaochukizwa na mabaraza hawakuanza leo.

Huko Bukoba nako Wahaya walikuwa na kahawa yao kabla ya mgeni yeyote kutia mguu. Hawakuinywa: waliyachemsha matunda ya robusta pamoja na majani yenye harufu nzuri, wakayakausha, kisha wakayatafuna na kumkaribishia mgeni kwa taadhima. Arabika ya Kilimanjaro ni ya juzi tu. Wamisionari Wakatoliki waliipanda Kilema mwaka 1898, na wakulima Waafrika wakaishika kwa nguvu hata wakaunda chama chao cha ushirika, KNCU, mwaka 1933.

Basi tunazo kahawa za namna mbili, na yeyote anayetaka kuzitambua aanze hapo. Robusta, ambayo nyingi hutoka Kagera, ni nzito mdomoni, ina uchungu ulio wazi, na nguvu yake ya kumkesha mtu hukaribia mara mbili ya ile ya arabika. Nyingi huanikwa na ganda lake. Arabika ya Kilimanjaro, Arusha, Mbozi na Mbinga hupandwa milimani penye baridi, na kwa desturi humenywa na kuoshwa kwa maji kabla ya kuanikwa. Hiyo ni nyepesi, ina harufu zaidi, na ina ukali kidogo wa ndimu unaochangamsha ulimi. Mtu aliyezoea kahawa chungu ya baraza huenda akaionja mara ya kwanza akasema imechacha. Asiwe na haraka; aonje tena.

Namna ya kujaribu nyumbani haihitaji mashine. Pata buni mbichi za mahali pawili au patatu, kila moja katika mfuko wake, ukiandika jina la mahali ilikotoka. Chagua kwanza: ondoa zilizo nyeusi, zilizotobolewa na wadudu, na zenye harufu ya kuoza, kwani punje moja iliyovunda yatosha kuharibu kikombe kizima. Kaanga kila aina peke yake katika kikaango kizito, ukikoroga bila kupumzika. Buni itageuka manjano, kisha kahawia, halafu utasikia ikialika kama bisi. Mlio huo ukiisha, epua. Ukiendelea kuipa moto italia mara ya pili, kwa mlio mdogo mdogo, na mafuta yataanza kung'aa juu yake; hapo umefika kwenye ukaangaji wa barazani, ambao ni mtamu kwa wanaoupenda, lakini humeza tofauti za shamba na shamba. Kahawa iliyokaangwa hadi ikawa mkaa, ya Moshi na ya Bukoba zinakaribia kuwa kitu kimoja, na mfanyabiashara mjanja analijua hilo. Imwage kwenye ungo, ipepete makapi yake, iache ipoe. Kilo moja ya buni mbichi itakurudishia gramu 800 na ushei.

Iache ilale usiku mmoja, kisha itwange kinuni, unga usiwe laini kama wa uji. Tia vijiko viwili vya chai katika kila kikombe, kiasi kilekile kwa vyote. Maji yachemke, yatulie kidogo, ndipo uyamimine. Ngoja dakika nne. Utando utapanda juu. Uvunje kwa kijiko huku pua ikiwa karibu, maana harufu ya kwanza husema mengi. Engua povu, kisha chota kwa kijiko na ufyonze kwa kelele. Tunajua kwamba mama zetu walitukanya tabia hii, lakini waonjaji wa kazi hufanya vivyo hivyo, kwa kuwa hewa huisambaza kahawa mdomoni kote. Onja ikiwa moto, onja ikiwa vuguvugu, na usiache kuionja ikishapoa. Joto huficha aibu nyingi. Ladha ya udongo, ya ukungu au ya moshi wa kuni hujitokeza kikombe kikipoa.

Kuna mambo mawili yatupasayo sisi wa visiwani zaidi ya wengine. Moja ni maji. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, na maji yake hubeba chokaa, ambayo huufisha ule ukali mzuri wa arabika. Mtu akifanya jaribio aweke kikombe cha maji ya kisima na kingine cha maji ya mvua yaliyochemshwa, alinganishe. Jingine ni hewa ya bahari. Kahawa iliyosagwa ikiachwa wazi katika unyevu wetu hupoteza harufu upesi sana, kwa hiyo buni ihifadhiwe katika kopo lenye kufunga barabara, na itwangwe ile ya kunywa siku hiyo.

Kwa viongozi na watumishi wa serikali tuna ombi mahususi. Katika ofisi nyingi mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya unga iliyotoka nje ya nchi. Hatuna ugomvi na kahawa ya unga yenyewe. Kiwanda cha TANICA cha Bukoba kinaitengeneza, nacho kilianzishwa katika miaka ya 1960. Ugomvi wetu ni kwamba fungu la viburudisho la mikutano hutumika bila mtu kuuliza. Afisa ugavi anapoagiza, na aandike mkoa ilikotoka buni na tarehe iliyokaangwa, kama anavyoandika aina ya karatasi anayotaka. Wenye mahoteli nao, ambao humwuzia mtalii kahawa ya viungo kwa bei tunayoiona kwenye orodha zao, watamfaa zaidi wakimwambia ni ya wapi. Na maafisa wa kilimo wa bara wangefanya jambo la haki wakikaanga sampuli mbele ya wakulima wenyewe, siku ya mkutano wa ushirika, na kuwapa vikombe waonje kabla ya kuwatajia daraja.

Yupo atakayeuliza kama tunataka kuwanyang'anya watu tangawizi yao. Hasha. Viungo ni fahari yetu, na kahawa ya baraza bila tangawizi ni mkutano bila mwenyekiti. Tunalosema ni kwamba buni ionjwe kwanza ikiwa tupu, ijulikane, ndipo itiwe viungo; isiwe tangawizi inatumika kuficha buni iliyooza. Katika kujaribu kwetu tumeona kwamba robusta ya Bukoba sehemu mbili na arabika ya Moshi sehemu moja hukaa vizuri katika dele: ya kwanza huleta uzito, ya pili huleta harufu. Tangawizi ipondwe ichemke pamoja na maji kabla ya kahawa kutiwa. Hiliki ingoje mpaka dele liepuliwe, kwani harufu yake huondoka upesi na mvuke.