Uwanja wa Shule Uwe wa Watu Wote

Mwaka 1974, huko Musoma, chama cha TANU kiliazimia kwamba kila mtoto apate elimu ya msingi ifikapo mwaka 1977. Wanavijiji walifyatua matofali, wakajenga madarasa kwa nguvu zao. Madarasa ya wakati ule yaliyobaki ni historia yetu. Tuyatunze.

Mikutano ya kijiji mara nyingi hufanyika shuleni. Mkutano Mkuu wa Kijiji ni wa kila mkazi mwenye miaka 18 au zaidi. Lakini bibi mwenye mkongojo akishindwa kupanda ngazi, anarudi nyumbani. Habari za shamba lake zinaamuliwa bila yeye.

Basi, tutengeneze mahali pa kukutania nje, pamoja na njia ya kufika huko na darasani. Njia ipande polepole. Kwa kila sentimita 1 ya kimo, urefu uwe sentimita 12. Ngazi ya sentimita 30 inahitaji njia ya mita 3 na sentimita 60. Wengine huifupisha ili kuokoa saruji. Hiyo ni hasara tupu, kwani baiskeli ya mlemavu haitapanda.

Usirundike udongo kwenye ukuta wa zamani. Mvua ikinyesha, ukuta hunyonya maji na kumomonyoka. Acha nafasi ya maji kupita.

Kisomo huanza saa 10 jioni, jua likiwa magharibi. Kwa hiyo panda mwembe upande wa magharibi, mbali na msingi wa jengo. Panga mabenchi kwa duara, ili asiyesikia aone nyuso na mikono ya wasemaji. Acha nafasi ya baiskeli katikati ya mabenchi, si nyuma kama mzigo. Kando ya njia panga mawe, asiyeona ayafuate kwa fimbo.

Mchanga hunasa magurudumu. Udongo wa kichuguu ukilowanishwa na kushindiliwa ni bora zaidi. Hapa Saza, nchi ya dhahabu, jihadhari na marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kusafisha dhahabu. Usiutandaze uwanjani hata ukipewa bure. Unaweza kuwa na zebaki au sayanidi, ambazo ni sumu, na watoto hucheza pale miguu mitupu.

Kabla ya kuchimba, chora njia kwa majivu. Mwite yule bibi, na mwenye baiskeli, waijaribu. Wakikwama mahali, badilisheni mchoro hapo hapo.