Konokono Wadandiaji: Namna ya Kumtambua Mgeni Katika Tangi la Samaki

Tangi la kioo lenye samaki ni chombo chema cha kufundishia elimu ya viumbe. Kwa shule iliyo Kinole, katika miteremko ya mashariki ya Milima ya Uluguru, vifaa vyake havitafutwi mbali. Vijito vinavyoteremka kuelekea Mto Ruvu vina mchanga, mawe na majani ya majini, na perege huweza kupatikana kwa wafugaji wa samaki. Mwalimu hulijaza tangi, hupanda majani, kisha hutia samaki.

Baada ya majuma machache huonekana konokono wadogo wakitambaa juu ya kioo. Hakuna aliyewatia humo. Wamedandia majani, ama wakiwa wachanga, ama wakiwa bado mayai yaliyofungwa katika ute mwangavu chini ya jani, mahali ambapo jicho hupita bila kuona.

Wanafunzi watauliza: huyu ni konokono gani? Swali hilo ni zito kuliko linavyoonekana. Katika maji baridi ya Afrika Mashariki wamo konokono wasio na madhara, wamo wanaokuza vimelea vya kichocho, na wamo waharibifu wa mazao.

Mmoja anatosha

Konokono wengi wa maji baridi hawahitaji mwenzi ili wazae. Wale wa jamii ya Bulinus na Biomphalaria wana viungo vya kiume na vya kike katika mwili mmoja, na huweza kujirutubisha wenyewe. Melanoides tuberculata, mwenye gamba refu lililochongoka, huwa ni majike karibu wote, nao huzaa watoto hai pasipo dume. Kwa hiyo mdandiaji mmoja aliyemwagwa bwawani aweza kuanzisha ukoo mzima.

Alama tatu za kutazama

Rangi na ukubwa hudanganya, kwani hubadilika kwa umri, chakula na maji. Mchunguzi huanza na alama zilizo imara.

Alama ya kwanza ni kifuniko. Konokono anapojivuta ndani, tazama mlango wa gamba. Je, unafungwa na kibamba kigumu? Melanoides anacho, na kadhalika konokono wakubwa wa jamii za Pila na Lanistes. Bulinus, Biomphalaria na Lymnaea hawana.

Alama ya pili ni umbo. Gamba la Biomphalaria ni bapa, limejizungusha kama kamba iliyokunjwa juu ya meza. Wengine huwa na ncha iliyoinuka.

Alama ya tatu ni upande. Shika gamba lenye ncha, ncha ikiwa juu na mlango ukikuelekea. Mlango ukiwa kulia, na kifuniko hakuna, yaelekea ni Lymnaea, ambaye pembe zake ni bapa zenye pembe tatu. Aina moja ya jamii hii hukuza minyoo ya ini ya ng'ombe. Mlango ukiwa kushoto, na kifuniko hakuna, mshuku Bulinus.

Alama moja peke yake haitoshi. Lanistes naye mlango wake uko kushoto, lakini ana kifuniko. Physa acuta, mgeni wa asili ya Amerika ya Kaskazini aliyeenea duniani pamoja na biashara ya mimea na samaki wa mapambo, hufanana sana na Bulinus: hana kifuniko, na mlango uko kushoto. Akiwa hai, tazama kwa kioo cha kukuzia ngozi laini iliyo kando ya mlango wa gamba. Ya Physa ina vijincha kama vidole vinavyolalia juu ya gamba. Ya Bulinus haina.

Kichocho na konokono

Mwaka 1851 daktari Mjerumani Theodor Bilharz aliwagundua minyoo wa kichocho katika maiti mjini Cairo. Njia waliyopitia ilibaki fumbo mpaka mwaka 1915, Robert Leiper alipoonyesha huko Misri kwamba hukua kwanza ndani ya konokono. Bulinus hukuza kichocho cha kibofu, na Biomphalaria kichocho cha matumbo. Mabuu hutoka kwa konokono kwa maelfu, hasa wakati wa mchana, kisha hupenya ngozi ya mtu aliye majini.

Konokono aliyeanguliwa tangini hana vimelea, kwa kuwa vimelea havirithiwi kupitia mayai. Huambukizwa pale tu maji yanapoingiwa na mkojo au kinyesi cha mgonjwa. Wa kuogopwa ni yule mkubwa aliyeletwa kutoka kijitoni au bwawani. Maji nayo yakikaa siku mbili bila konokono, mabuu yaliyomo hufa.

Mharibifu kutoka mbali

Mwaka 2020 konokono wa Amerika ya Kusini aitwaye Pomacea canaliculata aligunduliwa katika mashamba ya mpunga ya Mwea, nchini Kenya. Hufanana na Pila wetu, ila kifuniko cha Pila ni kigumu kama chokaa, na cha Pomacea hupindika kama ukucha. Dalili iliyo wazi zaidi ni mayai: vishada vya rangi ya waridi vilivyobandikwa juu ya usawa wa maji. Konokono huyu hula miche ya mpunga, na hula magimbi pia. Wakulima wanaopanda magimbi kando ya vijito vya Uluguru wana sababu ya kuijua rangi hiyo.

Walio pwani

Shule ya pwani yenye tangi la maji ya chumvi hupata wadandiaji wake juu ya mawe ya matumbawe. Utaratibu wa kuwatambua ni ule ule, lakini gamba lenye umbo la pia lisishikwe kwa mkono. Konokono wa jamii ya Conus hurusha jino lenye sumu, na Conus geographus amewahi kuua watu.

Yapasayo kufanywa

Majani mapya yakae katika ndoo ya peke yake kwa majuma kadhaa, yakikaguliwa pande zote mbili. Konokono asiyejulikana ahesabiwe kuwa wa hatari: ashikwe kwa koleo dogo au kijiko, na mikono ivikwe glavu. Wachache wahifadhiwe katika spiriti, pamoja na karatasi iliyoandikwa mahali, tarehe na aina ya maji. Bila maandishi hayo gamba halimfai mtaalamu. Waliosalia wauawe kwa maji yaliyochemka, kisha wafukiwe. Maji ya tangi yamwagwe juu ya ardhi kavu, mbali na kijito.

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Kwa mgeni huyu, mwenyeji atapona akimtambua kwanza.